Fundo la msuko kwa nywele ndefu za kipilipili: lishike siku nzima bila kuvuta kichwa

Fundo likilegea saa sita mchana, wengi hudhani halikukazwa vya kutosha, na kesho yake wanavuta zaidi. Jioni paji la uso linawaka moto, na mambo yakiendelea hivyo kwa miezi, nywele za juu ya masikio zinaanza kuwa chache. Inaniuma sana kumwona binti wa miaka ishirini na kitu ambaye ukingo wake wa mbele umerudi nyuma kwa sababu ya mitindo ya kukaza, wakati fundo hilohilo lingeweza kushika vizuri kwa mkono mwepesi. Kinachoshika fundo ni maandalizi ya usiku uliotangulia, na pini zilizochomekwa kwa upande sahihi. Nguvu ya mkono haiongezi kitu hapo.

Maelezo haya ni kwa ajili ya nywele za kipilipili zisizo na dawa, zile ambazo zikiwa zimejikunja zinaonekana fupi, lakini ukizivuta zinafika mabegani au kupita. Pima kwanza. Chukua fungu dogo la utosini, livute taratibu mpaka linyooke, uweke rula. Likifika sentimita 25 hivi, msuko wako utazunguka shina la fundo mara moja na kubaki na ncha ya kuficha. Ukiwa na sentimita 35 na kuendelea, utapata fundo nono bila kuongeza nywele yoyote. Wa chini ya sentimita 25 nimewawekea njia yao mbele.

Vitu vya kuwa navyo

Chanuo lenye meno mapana, na chanuo la mkia la kugawia njia. Chupa ya kupulizia maji. Kondishena ya kuosha na ile ya kubaki kichwani (liv-in). Mafuta kidogo: ya nazi, ya mnyonyo, au siagi ya shea, lolote ambalo nywele zako zimelizoea. Uzi mweusi wa kusukia. Vibanio vikubwa vinne vya kutenganishia mafungu. Raba moja iliyovishwa kitambaa. Ile nyembamba tupu ya kufungia noti iache dukani, maana inakata nywele kama wembe. Pini nane za kubana na nne zenye umbo la U. Vioo viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha mkononi, kwa sababu huwezi kupanga kisogo usichokiona. Na kitambaa cha satini cha kulalia.

Jeli si ya lazima. Ukiitumia, chagua ile ambayo ikikauka haitoi unga mweupe. Ijaribu kwanza kwenye mkono pamoja na liv-in yako: zichanganye matone mawili, uzisugue. Zikitoa vidonge vidogo vyeupe, hazipatani, na kichwani zitafanya hivyohivyo.

Usiku uliotangulia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nywele za kipilipili zina mikunjo mingi, na mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayashuki kwa urahisi hadi kwenye ncha. Ndiyo maana shina linaweza kuwa na afya huku ncha zikiwa kavu kama nyasi. Ncha pia ndizo kongwe. Nywele za kichwani hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na kipilipili kwa kawaida hukua pungufu kidogo ya hapo, kwa hiyo ncha ya nywele yenye sentimita 30 imeshaishi miaka miwili na nusu au zaidi. Imekwishaoshwa, kuchanwa, kusukwa na kufumuliwa mara nyingi mno. Fundo la msuko linazificha ncha hizo ndani, zisisuguane na kola ya shati wala mkanda wa mkoba. Sababu hiyo pekee inatosha kuupenda mtindo huu.

Osha kwa shampuu ngozi ya kichwa tu. Povu linaloteremka linatosha kwa urefu uliobaki. Ukikaa Dar es Salaam au mahali pengine pa pwani ambapo maji ya kisima yana chumvi, tenga ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, kwa suuza la mwisho. Chumvi ikibaki, nywele zinakuwa ngumu, na msuko unakuwa na vinyweleo vilivyosimama hata ungepaka nini.

Paka kondishena kwa wingi, gawa kichwa mafungu manne, kisha chambua kila fungu kwa vidole kabla ya chanuo. Anza kwenye ncha, panda taratibu kuelekea kwenye shina. Nywele zenye maji hunyooka zaidi kuliko zikiwa kavu na hukatika kirahisi, kwa hiyo ukikutana na mahali zilipojisokota, ongeza kondishena, uzitenganishe kwa vidole viwili. Usilazimishe chanuo lipite.

Suuza, kamua kwa fulana ya pamba (taulo lina nyuzi zinazonasa), weka liv-in, halafu mafuta kidogo juu yake. Ziache zipungue maji mpaka ziwe na unyevunyevu tu.

Sasa uzi. Dada zetu wengi wameacha kusuka uzi kwa kuona ni wa bibi na wa watoto wadogo, lakini hakuna njia bora ya kunyoosha kipilipili bila moto. Nywele zikilowa, viungo dhaifu vinavyoshikilia umbo lake vinaachia. Zikikauka zikiwa zimevutwa, vinajifunga upya katika umbo hilo jipya. Pasi ya moto inafanya kazi hiyohiyo kwa joto ambalo linaweza kuharibu mkunjo moja kwa moja, wakati uzi haudai chochote.

Gawa kichwa mafungu nane mpaka kumi na mawili. Kata uzi wenye urefu wa mara mbili au tatu ya fungu. Uzungushe kwenye shina mara tatu nne, bila kukaza: kidole chako kiweze kusogeza shina huku na huku. Kisha shuka nao kwa mzunguko, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kati ya mzunguko na mzunguko, na hapa katikati ndipo unapoweza kuvuta kidogo ili nywele zinyooke. Ukifika kwenye ncha zungusha kwa karibu karibu, funga kifundo chepesi. Lala na kitambaa cha satini. Asubuhi zikiwa bado mbichi, usifumue; subiri zikauke kabisa, la sivyo zitarudi zilivyokuwa kabla hujamaliza kunywa chai.

Aliye na nywele zenye dawa au zilizonyooka kwa asili anaweza kuruka uzi. Shida yake yeye ni utelezi, hivyo asifunge siku aliyoosha. Nywele za siku ya pili au ya tatu zinashika pini vizuri zaidi.

Fundo likae wapi

Amua kabla ya kushika chanuo, na uamue kwa kufikiria siku yako inavyokwenda. Anayepanda bodaboda anahitaji fundo la chini, karibu na shingo, ili kofia ngumu iingie na kufungwa sawasawa. Anayevaa mtandio au hijabu, fundo la katikati ya kisogo linampa umbo zuri na linazuia kitambaa kisiteleze. La utosini ni zuri kwa sherehe na linarefusha shingo, lakini ndilo zito kuliko yote kwa ukingo wa mbele, kwa kuwa nywele zote za paji na za shingo zinavutwa kupanda. Sishauri ulifunge siku mbili mfululizo.

Nitaeleza fundo la chini kwa misuko miwili, kwa sababu unaweza kulisuka mwenyewe bila msaidizi.

Kukusanya

Fumua uzi, kuanzia ncha. Pitisha vidole vyenye mafuta kidogo, halafu chanuo pana. Piga njia unayoipenda, ya katikati au ya pembeni, kwa mkia wa chanuo. Puliza maji mara mbili tatu kwenye ukingo tu, wala usilowanishe urefu wote, maana utapoteza kazi ya usiku kucha.

Rudisha nywele nyuma kwa viganja. Brashi inakuja mwisho, ikipita juu juu kulaza zilizosimama. Shika fungu lote kwa mkono mmoja, vua raba kwenye kifundo cha mkono, izungushe mara mbili. Mara ya tatu karibu kila mtu anashawishika kuiongeza. Usiiongeze. Raba hapa inakusanya tu, na pini ndizo zitakazobeba.

Fanya jaribio: inua nyusi juu kadiri unavyoweza, kisha inamisha kidevu kifike kifuani. Ngozi ya paji ikikataa kusogea, au ukihisi nywele za shingoni zinachomoka, sukuma raba mbele kuelekea kichwani kwa kidole gumba, nusu sentimita inatosha. Rudia jaribio. Vipele vidogo kwenye mashina, maumivu ukigusa, na vinywele vifupi vilivyokatika kwenye ukingo ni dalili za kwanza za nywele kunyonyoka kwa kuvutwa. Katika hatua hiyo zikipumzishwa zinarudi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, shina linakufa na kuacha kovu, na hakuna mafuta ya dukani yatakayoliotesha. Kwa watoto uangalifu uwe maradufu: mtoto akilia wakati wa kusukwa, msikilize.

Kusuka

Gawa mkia mafungu mawili sawa. Lete moja mbele juu ya bega la kulia, jingine juu ya la kushoto. Sasa unasuka ukiona kwenye kioo na mikono haichoki.

Kila fungu ligawe matatu. La kulia lipite juu ya la kati, kisha la kushoto lipite juu ya lile ambalo sasa liko katikati, na kuendelea. Pito tatu za kwanza zisogeze karibu na raba na uzibane vizuri, kwani hapo ndipo msuko utakapokunjwa na hapo ndipo unapofumukia. Kuanzia hapo legeza mkono. Ukiona fungu moja linaisha kabla ya mengine, chota nywele chache kutoka kwa jirani yake ulijazie; nywele asili hazina urefu mmoja na hilo si kasoro.

Mwisho wa msuko hauhitaji raba. Lowesha vidole, sokota ncha kwenye kidole cha shahada, na kipilipili kitajikunja na kujishika chenyewe. Mwenye nywele zilizonyooka ndiye atakayehitaji kiraba kidogo.

Ukitaka fundo nono, unene unaongezwa sasa. Shika ncha kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono mwingine vuta kingo za kila pindo la msuko kwenda nje kidogo kidogo, ukianzia chini na kupanda. Msuko unakuwa bapa na mpana, karibu mara mbili. Vuta kwa usawa pande zote mbili. Ukivuta upande mmoja tu msuko unajipinda na hautalala vizuri kwenye mzunguko.

Kuzungusha na kuchomeka pini

Chukua msuko wa kulia, uzungushe kwenye shina ukipita juu, kwenda kushoto, ulale kwenye kichwa. Usiupandishe juu ya raba. Ukae kando yake, uizunguke. Ncha ipitishe chini ya mwanzo wa msuko wenyewe. Kisha chukua wa kushoto, uzungushe upande wa pili, kinyume na wa kwanza, ukae nje ya ule au juu yake kulingana na urefu ulio nao. Misuko miwili inayokwenda pande tofauti inazuiana. Ndiyo sababu fundo la namna hii linafumuka kwa shida kuliko la msuko mmoja.

Shika fundo kwa kiganja cha kushoto, lisiachie. Pini ya kubana ina mguu mmoja ulionyooka na mwingine wenye mawimbi. Mawimbi yaelekee kwenye ngozi ya kichwa, ndiyo yanayokamata. Mguu mmoja uchukue kingo ya msuko, mwingine uchukue nywele zilizolala kichwani pembeni yake, kisha sukuma kuelekea katikati ya fundo, chini ya raba. Weka nne kwanza: juu, chini, kulia, kushoto. Tikisa kichwa. Mahali panapocheza ongeza pini ya pili ikikatiza ya kwanza, kama alama ya kuzidisha.

Pini ya U ina njia yake, na wengi hawajawahi kuonyeshwa. Ishike ncha zake zikitazama nje, mbali na fundo. Chota nayo kingo ya msuko pamoja na nywele chache za kichwani, halafu igeuze, ncha zitazame katikati ya fundo, ndipo uisukume ndani hadi ipotee. Kule kugeuza ndiko kunakovuta nywele za kichwani na za fundo zikashikana. Ukiichomeka moja kwa moja bila kuigeuza, itateleza nje kabla hujafika kituoni.

Pini yoyote inayokuchoma sasa itakuchoma zaidi baada ya saa tatu. Ichomoe, uichomeke upya milimita chache pembeni.

Shika kioo cha mkononi, kipe mgongo kile cha ukutani, uangalie. Vinyweleo vya shingoni vilaze kwa jeli kidogo kwenye mswaki laini wa zamani, kisha funga kitambaa kwa dakika kumi. Mombasa, Tanga au Unguja, hewa yenye unyevu itazirudisha nywele kwenye mkunjo wake mchana, na mafundo mengi ya pwani yana mawingu madogo pembeni ifikapo alasiri. Binafsi nayaona mazuri. Arusha au Nairobi shida ni ukavu, kwa hiyo ongeza tone la mafuta kwenye misuko kabla ya kutoka.

Nywele zikiwa hazijafika, au zikiwa zimesukwa tayari

Kama urefu hautoshi, suka twende kilioni sita au nane zikielekea kisogoni, na kwenye kila mmoja ongeza rasta (nywele za bandia za kusukia) kidogo kidogo kuanzia katikati ya kichwa, usianzie ukingoni. Mikia iliyobaki isuke pamoja miwili miwili, kisha uzungushe kama nilivyoeleza. Rasta nyingi za dukani zina utelezi na huwasha baadhi ya watu. Ziloweke kwenye maji yenye siki kidogo, uzisuuze na kuzianika kabla ya kusuka.

Mwenye rasta ndefu zilizokwisha sukwa hahitaji raba kabisa. Azikusanye, azigawe mbili, azifunge fundo moja kama la kamba, ncha azichomeke chini. Uzito wa rasta mbichi ni mkubwa, hivyo asibane juu siku aliyoosha.

Kwa arusi

Pwani fundo halijakamilika bila harufu. Baada ya kuchomeka pini na kabla ya kuvaa, fukiza nywele kwa udi: weka chetezo sakafuni, kaa juu ya kiti, inamisha kichwa pembeni umbali wa mkono, moshi upite kwenye misuko dakika mbili tatu. Nywele zilizopakwa mafuta ya nazi zinashika harufu ya udi mpaka kesho yake, lakini epuka kusogea karibu na kaa la moto, hasa kama umeongeza rasta, maana inayeyuka upesi. Kisha koja la asumini lizungushwe mahali ambapo msuko unakutana na kichwa, likishikwa kwa pini za U mbili. Asumini inunuliwe ikiwa bado vitumba vilivyofumba. Zitafunguka zenyewe jioni, wakati bibi arusi ameshakaa.

Kulala, na kufumua

Usilale na pini. Zichomoe zote, ukizihesabu, acha misuko ining'inie, legeza raba, funga satini. Asubuhi utazungusha upya kwa dakika tano. Kwa mtindo huu siku nne zinatosha; baada ya hapo ngozi inahitaji kuoshwa.

Siku ya kufumua paka mafuta vidoleni, anza kwenye ncha, fumua kwa mkono bila chanuo mpaka misuko yote iishe. Utaona nywele nyingi zimebaki mkononi. Mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na za siku zote hizo zilikuwa zimenaswa ndani ya msuko, kwa hiyo usishtuke. Ziangalie kwa karibu hata hivyo. Ile iliyodondoka yenyewe ina kitone cheupe upande mmoja na urefu wake ni wa kawaida. Vipande vifupi visivyo na kitone vimekatika, na mara nyingi vinatoka pale raba ilipokaa. Ukiviona vingi, badilisha raba, na fundo lijalo lifunge mahali pengine pa kichwa.